LCG mahali pa patografu: fomu nzuri, kazi iko kwenye mafunzo

Fomu ya Labour Care Guide (LCG), ya kufuatilia mama akiwa leba, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2020, ndiyo karatasi bora ya kumbukumbu ambayo muuguzi mkunga anaweza kuwa nayo pembeni ya kitanda cha leba. Tunaipa alama za juu. Mafunzo yanayoambatana nayo katika vituo vingi hayazifikii alama hizo. Ukigawa fomu wodini Jumatatu na kusema "kuanzia leo tunajaza hii," mwisho wa mwezi utakuwa na makaratasi yaliyojaa namba, na hakuna mama hata mmoja aliyenufaika.

Tuanze na kilichobadilika, maana hapo ndipo wakunga wazoefu hujikwaa. Patografu tuliyoizoea, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya leba, ina mizizi kwenye kazi ya Philpott na Castle ya mwaka 1972, iliyofanyika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ina mstari wa tahadhari unaopanda sentimita 1 ya kufunguka kwa njia (mlango wa kizazi) kwa saa, na saa 4 upande wa kulia kuna mstari wa kuchukua hatua. Kwenye LCG mistari hiyo haipo. Fomu huanza kujazwa njia ikifunguka sentimita 5. Ina safu 12 za saa kwa hatua ya kwanza (njia kufunguka) na 3 kwa hatua ya pili (kusukuma), na upande wa kushoto kuna safu ya tahadhari yenye viwango. Kipimo kikigusa kiwango hicho, unakizungushia duara. Mapigo ya moyo ya mtoto chini ya 110, au 160 na kuendelea: duara. Presha, namba ya juu 140 na kuendelea au namba ya chini 90 na kuendelea: duara. Joto 37.5 na kuendelea: duara. Uchungu mara 2 au pungufu ndani ya dakika 10, au zaidi ya mara 5: duara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaielewa hii kwa nusu saa.

Kufunguka kwa njia ndiko kunakohitaji muda darasani. Kila sentimita ina kikomo chake cha muda wa kukaa hapo bila kusonga: sentimita 5 muda wa saa 6, sentimita 6 saa 5, sentimita 7 saa 3, sentimita 8 saa 2 na nusu, sentimita 9 saa 2. Sasa angalia mtego. Kipimo cha ukeni cha kawaida hufanyika kila baada ya saa 4. Mama aliyekutwa na sentimita 7 saa 6 mchana anafikia kikomo saa 9 alasiri, wakati ratiba inasema apimwe tena saa 10. Muuguzi anayefuata ratiba peke yake ataliona tatizo saa nzima baadaye. Kwa hiyo fundisheni hivi: ukishaweka X yako, alama ya kufunguka kwa njia, hesabu saa ya kikomo papo hapo na uiandike kwenye mpango chini ya safu ileile, "kikomo saa 9:00". Saa hiyo ikifika, shika tumbo, angalia kichwa kimeshuka kiasi gani na uchungu una nguvu gani, kisha amua kama kuna haja ya kupima njia. Zoezi hili tungelirudia mara kumi kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo la pili ni hesabu ya mikono. Uchungu unahesabiwa kwa dakika 10 kamili kila nusu saa. Mama mmoja anachukua dakika 20 za kila saa. Mkunga mwenye kinamama watatu, akifanya kwa usahihi na mmoja mmoja, amemaliza saa nzima bado hajapima presha wala kubadilisha dripu. Hapa ndipo data hupikwa. Zamu inakaribia kwisha, muuguzi anaketi mezani na kujaza nafasi za saa sita kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkufunzi asilifumbie macho hili wala asilitatue kwa kukaripia. Afundishe kufanya mawili kwa pamoja, mkono juu ya tumbo huku mapigo ya moyo, mkojo na hali ya mama vikiangaliwa. Kisha aseme waziwazi kwamba nafasi iliyoachwa tupu, ikiwa na sababu, "niko na dharura kitanda cha 2", ni kumbukumbu sahihi. Namba ya kubuni ni hatari, kwa kuwa anayepokea zamu ataiamini.

Namba za kupikwa hujionyesha zenyewe. Ukiona mapigo ya mtoto 140, 144, 136, 140, 144 ukurasa mzima, jua kwamba zote zinagawanyika kwa 4, maana yake mtu amehesabu sekunde 15 akazidisha mara nne, kama alihesabu kabisa. Mapigo yanasikilizwa dakika nzima, wakati wa uchungu na angalau sekunde 30 baada ya uchungu kuachia, vidole vikiwa kwenye mshipa wa mkono wa mama ili usiandike mapigo yake kama ya mtoto. Hatua ya pili inasikilizwa kila dakika 5.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote iko chini kabisa: tathmini, mpango, na herufi za jina la muuguzi. Ndiyo inayojazwa vibaya kuliko zote. "Anaendelea vizuri" haimsaidii mtu yeyote, hasa kama juu yake kuna duara. Maandishi yanayofaa ni kama haya: "Mapigo ya mtoto 104 dakika nzima, mama alikuwa amelala chali. Amegeuzwa ubavu wa kushoto, dripu ya uchungu imefungwa 8:10, daktari ameitwa 8:11, kurudia 8:15." Kanuni ni moja: hakuna duara bila mpango chini yake. Hii inahusu pia safu ya huduma saidizi. Herufi N kwenye msindikizaji, dawa ya maumivu au vinywaji nayo huzungushiwa duara, na tumeona N zikipangwa saa nane mfululizo bila mtu kuuliza kwa nini mama hajapewa hata chai.

Kasoro zipo. Vifupisho vyote ni vya Kiingereza, ilhali sehemu ya mwisho inamtaka muuguzi aamue pamoja na mama. Tafsiri ya ukutani kwa Kiswahili ingesaidia sana. Mama anayelazwa na sentimita 3 hana nafasi humu. Maendeleo yake yaandikwe kwenye faili hadi afike 5. Mtoto akishazaliwa fomu imekwisha, hivyo kondo la nyuma, damu iliyopotea na alama za Apgar (za hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa) ziende kwenye faili, na kwa Tanzania pia kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 12, cha wazazi. Usimamizi wa wodi ukidhani LCG imefuta kazi hizo, kumbukumbu zitakatika pale ambapo damu nyingi hutoka.

Kwa mafunzo, siku mbili za ukumbini hazitoshi na wala si za lazima. Masaa matatu ya kujaza kwa mifano ya kubuni, kisha kila muuguzi ajaze fomu mbili kitandani akiwa na msimamizi. Baada ya hapo, kila makabidhiano ya zamu zichukuliwe fomu mbili bila kuchagua na ziangaliwe mambo matatu: duara zenye mpango, vikomo vilivyoandikwa, makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa. Wino mweupe wa kufutia uondolewe kabisa leba. Kilichoandikwa kwa kuchelewa kiwe na saa mbili, ya tukio na ya kuandika.

Fomu yenyewe hupatikana bure, mnalipia kuchapa tu. Chapeni kutoka kwenye nakala halisi, kwa sababu fotokopi ya fotokopi hufifisha safu ya tahadhari kwanza. Na kabla ya kuchapa, nunueni saa moja kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, itundikwe inapoonekana kutoka kila kitanda, na wote waandike kwa saa hiyo badala ya simu zao.