Zeze na ilimba uani: uzinduzi wa albamu Bagamoyo (nyota 4 kati ya 5)

Nusu ya kwanza ilipigwa kwa spika, nusu ya pili spika zikazimwa. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua, ningelipa kiingilio kilekile kwa nusu ya pili peke yake.

Hii ni albamu ya kwanza ya msanii huyu akiwa peke yake, baada ya kupiga kwenye kikundi, na ameijenga juu ya vyombo vya Wagogo: ilimba, kisanduku cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze, chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde. Bagamoyo ndiko marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, alikoishi na kufundisha, kwa hiyo huku ilimba ina wasikilizaji wanaoijua.

Tatizo la spika lilikuwa hivi. Vyuma vya ilimba havipigwi vyote. Vingine vipo kwa ajili ya kuitikia tu wenzao wanapolia. Halafu tundu la kisanduku huzibwa kwa utando wa buibui, na huo ndio unaotoa mvumo kama wa nyuki. Fundi mitambo aliisogeza maikrofoni karibu igusane na vyuma, tukawa tunasikia kucha zikigonga, mvumo hakuna. Alipoongeza sauti, spika zikaanza kupiga filimbi, kwa sababu zilikuwa nyuma ya mpigaji na kisanduku kilikuwa kinazipokea. Spika zikae mbele ya msanii, maikrofoni iwe mbali kama sentimita 30, na besi ipunguzwe kabla ya kupandisha sauti.

Zilipozimwa, watu kama arobaini tuliokaa kwenye mikeka tulinyamaza wenyewe. Kuta za mawe zilitosha kuibeba sauti. Zeze lilirekebishwa kufuata ilimba, na ndivyo inavyotakiwa: kukaza uzi ni kazi ya dakika moja, kusogeza vyuma vyote vile mbele ya watu haiwezekani. Upinde ulipakwa ulimbo upya kila baada ya wimbo mmoja au miwili, ukawa hautelezi. Ngoma ndiyo iliyoangusha. Iliwambwa vizuri na ikapashwa moto mapema, lakini unyevu wa bahari usiku hulegeza ngozi. Kufika wimbo wa nne ilikuwa imefifia. Jiko la mkaa pembeni lingemaliza shida hiyo.

Waitikiaji wawili wa kike waliipa jioni uhai. Nyimbo za Kigogo zinataka sauti zinazopishana, na kwenye albamu msanii amejiitikia mwenyewe, sauti moja imerudiwa mara kadhaa. Inapendeza, ila ule mkwaruzano mtamu wa koo tofauti haupo. Naomba sana albamu ijayo wawili hawa waingie studio.

Albamu inauzwa kwenye flashi. Isikilize kwa hedifoni. Spika ya simu huumeza mvumo wote. Wa Dar, panga usafiri mapema, maana onyesho liliisha saa nne usiku na mbele yako kuna kilomita kama 70.