Rafu ya antioksidanti kwenye duka la dawa: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Ukiingia duka la dawa Kariakoo au Mombasa, rafu ni ileile: vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha majini, kapsuli za vitamini E zenye rangi ya dhahabu, makopo ya mchanganyiko wa A, C, E na seleniamu, na pembeni unga wa mlonge. Siku hizi kuna pia tangazo la drip ya glutathaioni, ya kung'arisha ngozi. Bidhaa hizi zote hujinadi kwa neno antioksidanti, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na tofauti kubwa zaidi imo kwenye maandishi madogo ya nyuma ya kopo, pale penye miligramu.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa mtu mzima anayekula matunda na mboga, hakuna kopo hapa tunalolipendekeza kwa matumizi ya kila siku. Vitamini C ni salama kwa wengi ila imezidishwa kipimo. Vitamini E ya IU 400 (IU ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) tunaikataa. Beta-karotini ya vidonge, ambayo mwili huigeuza vitamini A, ni marufuku kwa mvutaji sigara. Mlonge una faida zake kama mboga, mradi ujue kuununua.

Kwanza sababu, maana wauzaji huieleza nusu. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, nayo hupora elektroni nyingine kutoka kwenye mafuta ya kuta za seli, kwenye protini au kwenye DNA. Antioksidanti humpa mporaji elektroni, vurugu ikatulia. Hapo maelezo ya dukani huishia. Nusu iliyobaki ni kwamba chembe nyeupe za damu hutengeneza radikali hizo makusudi ili kuua vijidudu, na misuli huzitumia kama ishara ya kujijenga baada ya mazoezi. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana waliokuwa wakifanya mazoezi miligramu 1000 za vitamini C na IU 400 za vitamini E kwa siku, kwa wiki 4. Wale wasiopewa vitamini, mwili wao ulianza kuitikia insulini vizuri zaidi, kama mazoezi yanavyotakiwa kufanya. Waliopewa vidonge hawakupata faida hiyo. Wanaokwenda jimu na kopo mkononi walifikirie hilo.

Tuanze na kinachouzwa kuliko vyote, vitamini C ya miligramu 1000. Mahitaji ya siku ni miligramu 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke. Mvutaji sigara huongezewa 35. Utumbo hufyonza asilimia 70 hadi 90 ya vitamini C kama umekula kiasi cha chakula cha kawaida, lakini ukipita gramu moja kwa mkupuo hufyonza chini ya nusu. Inayobaki tumboni huvuta maji, ndiyo maana wengine huharisha. Iliyoingia kwenye damu na kuzidi hutoka kwa mkojo, na sehemu yake hugeuka oksaleti, malighafi ya mawe ya figo. Utafiti wa wanaume wa Sweden uliotoka 2013 ulikuta waliokuwa wakimeza vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu mara mbili ya wasiomeza. Mwenye historia ya mawe aachane navyo kabisa.

Na mafua? Majaribio mengi yakikusanywa pamoja yanaonyesha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakuzuii watu wa kawaida kupata mafua. Kunachofanya ni kufupisha siku za kuugua kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kuianza baada ya makamasi kuanza kutiririka, kama wengi wafanyavyo, hakujaonyesha faida ya kutegemewa.

Kwa upande wa bidhaa yenyewe, kidonge cha kuyeyusha kina kasoro ambayo haiandikwi mbele. Povu lake hutokana na chumvi ya sodiamu, na kidonge kimoja mara nyingi hubeba sodiamu ya miligramu 200 na zaidi. Mwenye shinikizo la damu anayepunguza chumvi kwenye mchuzi huku akinywa glasi hii kila asubuhi anajirudisha nyuma. Kingine ni unyevu. Kifuniko cha kopo hilo refu kina dawa ya kufyonza unyevu ndani yake; kikiachwa wazi usiku mmoja tu katika hewa ya pwani, vidonge huvimba, hulegea na kupata madoa ya kahawia. Madoa hayo ni vitamini C iliyokwisha kuharibiwa na oksijeni. Haitakuua, ila umenunua soda ghali. Kiyeyushe kwenye maji ya mililita 200, subiri povu liishe, usikitafune. Vile vya kumung'unya vya watoto navyo ni tindikali: vikikaa mdomoni kutwa vinakula meno. Mwenye kisukari ajue pia kwamba dozi kubwa za vitamini C zinaweza kudanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari.

Mpinzani wa kidonge hiki ni pera. Gramu 100 za mapera zina vitamini C ya miligramu 228 hivi, dhidi ya 53 za chungwa. Pera moja la wastani linamaliza hesabu ya siku na kubakiza. Ubuyu nao ni mzuri, lakini ule unga mweupe uliokunwa kwenye mbegu, si ule mwekundu wa sukari na rangi unaouzwa kwenye vipakiti nje ya shule. Vitamini C haipendi moto wala maji mengi: mchicha ukichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu kubwa imekwenda na maji. Kata mboga dakika za mwisho, tia maji kidogo, funika, epua mapema.

Sasa vitamini E, ambayo ndiyo tunayoipinga zaidi. Kapsuli ya kawaida ni IU 400. Mahitaji ya siku ni miligramu 15. Ukisoma lebo na kukuta jina linaanza na d-alfa, hiyo ni ya asili, na IU 400 ni miligramu 268. Likianza na dl-alfa ni ya kiwandani, na IU 400 ni miligramu 180. Vyovyote vile, ni zaidi ya mara kumi ya mahitaji. Jaribio lililoitwa SELECT lilianza 2001 na kuhusisha wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, likitafuta kama vitamini E ya IU 400 na seleniamu ya mikrogramu 200 zingezuia saratani ya tezi dume. Lilisimamishwa 2008 kwa kukosa faida. Wanaume walipoendelea kufuatiliwa, matokeo ya 2011 yalionyesha kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani. Kuhusu moyo, jaribio jingine kubwa, HOPE, lilikwisha kuonyesha mwaka 2000 kwamba kipimo kilekile hakikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Bidhaa bado iko rafuni, na bado huuzwa kwa "afya ya moyo".

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse vitamini E bila daktari, kwa kuwa dozi kubwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Na wale wanaotoboa kapsuli kwa sindano na kujipaka usoni: mafuta yake hulainisha ngozi kama mafuta mengine, lakini baadhi ya watu huota ukurutu wa mzio, na hakuna ushahidi mzuri kwamba hufuta makovu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina vitamini E ya miligramu 5 na ushee. Ongeza konzi ya karanga na mboga za majani, umeshakaribia 15.

Kopo la mchanganyiko linahitaji jicho kali kuliko yote. Tafuta beta-karotini kwanza. Finland, kati ya 1985 na 1993, wavuta sigara wanaume 29,133 wa umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa makundi; waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani walijaribu miligramu 30 pamoja na vitamini A ya IU 25,000 kwa watu 18,314, wengi wao wavuta sigara au waliowahi kuvuta, na wengine waliofanya kazi kwenye asbesto. Januari 1996 jaribio likakatizwa miezi 21 kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa imepanda kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya pafu lenye moshi na oksijeni nyingi beta-karotini huvunjika, na vipande vyake ndivyo vyenye madhara. Hivyo mtu anayevuta sigara, au aliyeacha, asinunue kopo lenye beta-karotini hata kama limeandikwa "kwa ajili ya mapafu".

Kisha angalia vitamini A imeandikwaje. Retinoli au retinili palmiteti ni vitamini A iliyo tayari, na mjamzito hapaswi kupita mikrogramu 3000 kwa siku (IU 10,000), kwani ikizidi inaweza kumletea mtoto ulemavu. Mwisho seleniamu: mahitaji ni mikrogramu 55, kikomo ni 400. Ukimeza makopo mawili ya kampuni tofauti bila kujumlisha, unakaribia kikomo kirahisi. Dalili za kuzidi ni nywele kunyonyoka, kucha kukatika na pumzi kunuka kama kitunguu saumu.

Mchanganyiko mmoja una kazi inayojulikana, nao si wa kila mtu. Wazee wenye ugonjwa, uliofika hatua ya kati, wa doa la katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho) hupewa fomula ya AREDS2, iliyopewa jina la utafiti wake: vitamini C miligramu 500, vitamini E IU 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, na rangi mbili za mimea, luteini miligramu 10 na zeaksantini miligramu 2. Fomula ya kwanza, ya 2001, ilipunguza uwezekano wa ugonjwa kufikia hatua mbaya kwa asilimia 25 hivi katika miaka 5. Mwaka 2013 beta-karotini ikatolewa na luteini ikaingizwa. Hapa vitamini E ya IU 400 tunaivumilia, kwa sababu kuna jicho la kuokoa na daktari wa macho anayesimamia. Haisaidii mtoto wa jicho wala macho yaliyochoshwa na simu.

Tukirudi kwenye chakula, beta-karotini inapatikana vizuri kwenye viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye na wenzake wawili wakitambuliwa kwa kazi ya viazi hivyo. Karotini ya kiazi imefungwa ndani ya nyuzi, hufyonzwa polepole, na madhara yaliyoonekana kwenye vidonge hayajaonekana kwenye mboga na matunda. Inahitaji mafuta kidogo ili ipite utumboni, basi kiazi kikavu na chai ya rangi ni hasara. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini ya miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, ila wapishi wanaoyachoma mpaka yapoteze wekundu wanaichoma pia karotini. Chai yenyewe, kwa antioksidanti zake zote, huzuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha yasifyonzwe. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wainywe saa moja au mbili baada ya mlo.

Unga wa mlonge: nunua uliokaushwa kivulini. Ukiwa wa kijani kibichi na wenye harufu ya majani, ni mzuri. Wa kahawia-njano umekaa juani na karotini imepungua. Sugua kidogo kati ya vidole, ukisikia mchanga rudisha. Ukishikana mabonge umeingia unyevu, na ukungu uko njiani. Pakiti ya plastiki angavu inayoning'inia mlangoni inapigwa na mwanga siku nzima. Dai iliyoko ndani. Usitegemee vitamini C, maana nyingi huondoka wakati wa kukausha, hata kama lebo inasema "mara saba ya machungwa". Hesabu hiyo ni ya majani mabichi. Kijiko cha chai kwenye uji ulioepuliwa kinatosha. Mwenye dawa za kisukari au za shinikizo amwambie daktari wake kabla.

Choya, kinywaji cha maua mekundu ya rosela, tumeipa alama nzuri kuliko kopo lolote. Katika jaribio la Marekani la 2010, watu wazima 65 ambao shinikizo lao lilikuwa juu kidogo walikunywa kinywaji hiki au kinywaji bandia kwa wiki 6: gramu 1.25 kwa maji ya mililita 240, vikombe 3 kwa siku. Namba ya juu ilishuka kwa 7.2 kwa wanywaji wa choya, na 1.3 kwa wenzao. Sukari ya vikombe vitatu ndiyo itakayoharibu hesabu.

Pakiti zinazojisifu kwa alama za "nguvu ya antioksidanti" zilizopimwa maabara zipuuzwe. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya vipimo hivyo mwaka 2012, kwa kuwa kinachotokea kwenye chupa ya maabara hakitabiri kinachotokea mwilini. Vidonge vya dondoo la chai ya kijani viangaliwe pia: mamlaka ya chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba katekini (antioksidanti ya chai) yake kuu, EGCG, kuanzia miligramu 800 kwa siku kama kirutubisho, imehusishwa na dalili za ini kuumia. Na mgonjwa aliye kwenye mionzi au dawa za saratani asimeze antioksidanti yoyote kwa dozi kubwa bila kumwambia mtaalamu wake, kwani baadhi ya tiba hizo huua seli kwa kutumia radikali zilezile.

Drip ya glutathaioni na vitamini C ya kung'arisha ngozi hatuipi hata nyota moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya glutathaioni kwa kazi hiyo. Na kuna hatari ambayo saluni haitaji: mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria kama yetu, akipewa vitamini C nyingi kwa mshipa, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Hospitali yenye daktari anayetumia dozi hizo kwa sababu ya kitabibu hupima G6PD kwanza. Anayekupangia drip bila kukuuliza habari ya kipimo hicho, ondoka kabla sindano haijafunguliwa.