Kitabu cha mazoezi ya tamathali: sio kila "kama" ni tashbihi

Hiki kitabu nimekaa nacho miezi miwili sasa na mdogo wangu, ni cha mazoezi ya ufahamu, unasoma kifungu alafu unatafuta tamathali za semi, yaani maneno ya kufananisha na kupamba lugha, na mbinu zingine za lugha zilizotumika. Kabla sijanunua nilitafuta sana maoni ya mtu aliyekitumia sikupata, kwa hiyo wacha mi niandike.

Kwanza, hakianzi na ile orodha ya tashbihi (kufananisha kwa neno la kulinganisha, mfano "kama") ni hivi, sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine moja kwa moja) ni vile, na mfano mmoja mmoja wa kukariri. Mdogo wangu orodha aliijua yote kichwani lakini ukimpa kifungu kizima anaona kila neno "kama" anaandika tashbihi, basi amemaliza. Sasa zoezi la pili kabisa lina "kama" nne kwenye kifungu kimoja: kama mvua ikikatika tutatoka, walikuja watu kama kumi, ndege kama njiwa na kunguru, na mwisho alitetemeka kama jani. Ya kwanza ni sharti, ya pili makadirio, ya tatu inatoa mifano, ya nne peke yake ndio inafananisha kitu na kitu kingine. Alikosa tatu siku hiyo na hajakosa tena, na mi mwenyewe sikuwahi kuliwaza hilo vizuri.

Alafu kila ukitaja jina la tamathali unaulizwa nini kimefananishwa na nini na kwa sifa ipi, na hapa ndio pesa yangu imerudi. Kuna vifungu viwili vinavyosema "mjomba ni simba", sitiari ile ile, lakini kwenye kimoja mjomba anawalinda watoto wa marehemu ndugu yake na kwenye kingine nyumba nzima inamtetemekea, kwa hiyo jina tu halikusaidii, inabidi urudi usome kilichotangulia na kilichofuata. Tashihisi nayo, kukipa kitu tabia ya binadamu, wameipanga vizuri, "upepo ulivuma" sio, maana upepo kazi yake ni kuvuma, "upepo ulimnong'oneza" ndio, kunong'ona ni kwa binadamu. Na kwenye tanakali, yale maneno ya kuigiza, wameeleza kwamba sio sauti peke yake, ameanguka pu sawa unasikia, lakini amenyamaza ji au nguo nyeupe pepepe hapo hakuna kilicholia, neno linakuonyesha namna au kiwango. Sehemu hiyo tuliisoma mara mbili kwa raha tu.

Sasa ubaya wake, na umenikera kweli. Ukurasa wa majibu haujapitiwa vizuri. "Alipiga moyo konde" wameandika sitiari, wakati hiyo ni nahau, maneno yameshaganda pamoja na maana yake kila mtu anaijua. Mdogo wangu aliandika nahau, akajisahihisha akajipa kosa, na alikuwa sahihi jamani! Mahali pengine, "machozi yake yalikuwa mto uliofurika", wanataka jibu moja tu, chuku, yaani kutia chumvi, wakati hapo sitiari ipo wazi na chuku ipo, sentensi moja inaweza kubeba mbili na mtoto anatakiwa kulijua hilo.

Sura ya kinaya ni dhaifu. Vifungu vya mistari minne mitano vinatosha kwa tashbihi lakini kinaya kinataka msomaji kwanza aanze kutegemea jambo fulani, ndio baadaye litokee kinyume chake, mistari minne utategemea nini? Wamekichanganya pia na kejeli kana kwamba ni kitu kimoja, wakati kejeli ni dhihaka, kuna anayeumizwa na maneno, na kinaya kinaweza kutokea bila mtu yeyote kumdhihaki mwenzake. Mbinu rejeshi (hadithi kurudi nyuma kwa yaliyopita) na taharuki (kumwacha msomaji na hamu ya kujua kitakachofuata) zimeguswa juu juu tu, shida ni hiyo hiyo ya vifungu vifupi, hizo nimemtafutia hadithi ndefu kwingine.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa mtoto anayejua majina ila anakwama kwenye kifungu kitamfaa sana, kwa anayeanza kabisa bila mtu wa kukaa naye sio sana. Ukikinunua kaa na penseli upitie ukurasa wa majibu wewe mwenyewe kabla yeye hajaufungua.