Usiku wa darubini hapa Dodoma: nyama hamna kitu, somo la plazma ni moto

Wanaouliza kama ile huduma ya kuangalia anga usiku, kwenye bustani moja njia ya kwenda Ihumwa, inafaa, jibu langu nendeni ila msifuate darubini. Elfu kumi na tano kwa kichwa, nyama na soda humo humo, nyama ilikuja imepoa na kachumbari imeisha.

Siku hiyo kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kilikuwa kinapita baada ya magharibi, na kukikamata kwa darubini ni kazi maana kinakimbia kama kilomita 7.7 kwa sekunde, ukishaigeuza kishapita, macho tu yanatosha. Hela yangu ameila kihalali mwalimu wa fizikia anayeelezea. Mi nilijua kule juu kilomita 400 ni patupu kabisa, kumbe kuna plazma, yaani gesi ambayo jua limeipasua zikabaki ioni (atomi zilizonyang'anywa elektroni) na elektroni, sasa lidude la mita 109 likipita humo lazima livuruge. Ioni za oksijeni ni nzito, mwendo wake mdogo kuliko wa kituo, kwa hiyo mbele zinagongwa na nyuma panabaki uwazi, elektroni zenyewe zina mbio kukizidi zinafika kila upande. Halafu paneli za sola zenye volti 160 zinavuta elektroni mpaka bodi zima linakuwa na chaji hasi, ikizidi cheche zinaweza kutoboa utando wa juu wa alumini, na kinachoogopwa zaidi ni mwanaanga aliye nje na suti yake. Ndo maana wamefunga mashine ya gesi ya zenoni inayotema elektroni kuzirudisha nje, hapo watu wote kimya.

Akagusia na jaribio la 1996, chombo cha anga cha Wamarekani, Columbia, kilitoa satelaiti ya Waitaliano kwenye waya wa karibu kilomita 20, waya ukawa unakata sumaku ya dunia ukazalisha kama volti 3,500, cheche ikauunguza ukakatika satelaiti ikaenda zake. Babu mmoja akauliza mbona wasitushushie huo umeme huku, akajibiwa si wa bure babu, unatoka kwenye mwendo wa chombo chenyewe, ukiuchota kinashuka. Safi sana.

Mkienda bebeni jaketi, upepo wa mwezi wa saba mnaujua, na kuleni kabisa nyumbani. Nawapa nyota nne, ya tano imeondoka na kachumbari.