PSP ya Mtumba na Gofu ya Zamu: Uzoefu Wangu Hapa Lubumbashi

Kama una pesa ya mashine moja tu ya gemu na nyumbani mko wengi, chukua yenye gofu. Nasema hivyo nikiujua vizuri mji wangu. Lubumbashi ni mji wa mpira. Ingia chumba chochote cha PlayStation, iwe mtaa wa Kamalondo, wa Kenya au wa Ruashi, utakuta wawili wameshika maneti, yaani vidhibiti vya mkononi, na wengine wamejazana nyuma ya benchi wakingoja. Mpira wa kwenye tele unataka tele, unataka maneti mbili, unataka umeme usikatike mpaka filimbi ya mwisho. Gofu inataka mashine moja ya mkononi, na anayengoja zamu haangalii raha ya mwenzake tu: pale mpira utakapotua ndipo yeye atakapopigia.

Gemu yenyewe ni Everybody's Golf ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Ilitengenezwa na Clap Hanz ya Japani, ikatolewa na Sony, na kwao Japani iliingia sokoni siku moja na PSP yenyewe, tarehe 12 Desemba 2004. Marekani waliiuza kwa jina la Hot Shots Golf: Open Tee, kwa hiyo ukiona diski yenye jina hilo usiiache, ni gemu ile ile. Na diski za gemu za PSP hazibagui nchi: ya Marekani inaingia kwenye mashine ya Ulaya na inacheza bila shida.

Nilinunua mashine, chaja na diski kwa dola 45 kwa muuzaji wa vitu vya mtumba mjini. Mimi natengeneza na kuchaji simu katika kibanda changu huku Katuba, kwa hiyo niliifungua na kuisafisha mwenyewe kabla ya kuiwasha.

Watoto wanaipenda kwa kuiona tu, maana wachezaji wake ni wa katuni, vichwa vikubwa na miguu mifupi. Lakini chini ya sura hizo kuna gofu kamili: mashimo 18, upepo, miteremko, mchanga, maji, nyasi ndefu. Kupiga ni kubonyeza kitufe cha X mara tatu. Chini ya skrini kuna mstari. Ukibonyeza mara ya kwanza, alama inaanza kutembea juu ya mstari huo. Mara ya pili unakata nguvu: mapema ni mkwaju mfupi, mwishoni ni mkwaju mrefu. Kisha alama inageuka na kurudi ilikotoka, na hapo ndipo roho inapopanda juu, kwa sababu bonyezo la tatu ndilo fimbo inapogusa mpira. Ukiwahi au ukichelewa kidogo, mpira unakwenda kombo. Ukipotea mbali, unagaagaa hatua chache tu mbele ya miguu yako.

Mtu anaweza kujifunza hayo kabla bukari, ugali wetu, haijaiva. Yanayofuata ndiyo yanayochukua miezi. Ukishikilia mshale wa chini kwenye bonyezo la tatu, mpira unazunguka kinyume, ukitua unasimama au unarudi nyuma. Mshale wa juu unaufanya ukimbie mbele baada ya kutua. Ya kando inaupinda hewani, na ndiyo inayokuokoa mti ukisimama kati yako na shimo. Juu ya hayo unapima upepo: umbali uliopo, nguvu ya upepo, unakotokea, halafu unaamua kulenga pembeni ya bendera na kuuachia upepo kazi iliyobaki. Mkwaju uliolengwa mbali na shimo ukaja ukatua karibu nalo una utamu ambao sijaupata kwenye gemu nyingine yoyote.

Mtindo huu wa mstari una historia yake. Mwaka 1984 Nintendo walitoa gemu ya gofu ya Famicom, mashine yao ya gemu ya nyumbani, na aliyeiandikia programu ni Satoru Iwata, aliyekuja kuwa mkuu wa kampuni hiyo mwaka 2002. Mstari wa kupima nguvu na usahihi ulikuwamo tayari. Everybody's Golf ya kwanza kabisa, ile ya PlayStation ya mwaka 1997, ilitengenezwa na Camelot, ambao baadaye walikwenda kutengeneza Mario Golf. Ndiyo maana aliyezoea moja anaielewa nyingine bila kufundishwa.

Sasa nije kwenye zamu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunacheza mchezaji mmoja, mpira mmoja. Mimi nikipiga, namkabidhi mashine. Yeye akipiga, ananirudishia. Tulianza hivyo kwa sababu mashine ni moja tu, na baadaye nikasoma kwamba gofu ya kweli ina mchezo huo huo tangu zamani. Wawili wa upande mmoja, mpira mmoja, mikwaju kwa zamu. Kombe la Ryder lilipochezwa mara ya kwanza mwaka 1927, Uingereza na Marekani walicheza hivyo siku ya kwanza, na mpaka leo mtindo huo umo kwenye kombe hilo. Sheria yake moja tuliichukua mara moja: mmoja anaanzisha mashimo yote ya namba witiri, mwenzake ya namba shufwa, haijalishi nani alimalizia shimo lililopita. Hiyo iliondoa ugomvi wote wa nani aanze.

Ukicheza hivi, mkwaju unabadilika maana. Hupigi tena uende mbali. Unapiga ili mwenzako apate mahali pazuri pa kupigia. Jioni moja mdogo wangu alikuwa na mkwaju mrefu juu ya maji, angeweza kujaribu kuvuka. Akanitazama, akashusha fimbo kwa ile fupi zaidi, akauweka mpira kwenye nyasi safi upande huu wa maji.

“Yaya, hapo utaupata vizuri,” akaniambia. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Niliupata vizuri kweli. Mtoto yule akicheza mpira kwenye PlayStation hampi mtu pasi hata golikipa awe ameanguka. Hapa amejifunza kumwachia mwenzake njia, na hakuna aliyemfundisha isipokuwa gemu yenyewe.

Kuna mwalimu mwingine pia. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ujana wake alibeba mifuko ya fimbo kwenye uwanja wa gofu wa mji huu. Kartie (mtaa) ya Golf kila mtu hapa anaijua, basi zinaitwa kwa jina hilo kutwa, lakini wengi tunaopita huko hatujawahi kuukanyaga uwanja wenyewe. Yeye aliukanyaga miaka. Anakuja kibandani kuchaji simu yake, anakaa kwenye kigoda, anaomba nimwonyeshe “ile gofu ya mkononi”. Siku moja nilikuwa kwenye nyasi fupi, mpira uko karibu na shimo, mistari ya skrini inaonyesha mteremko, nami nimelenga moja kwa moja.

“Mama, ngoja,” akasema. “Usiangalie shimo kwanza. Jiulize, mvua ikinyesha hapo, maji yatapita wapi?”

Nikaitazama ile mistari upya. Maji yangeteremka kushoto. Nikalenga kulia, mbali kuliko moyo wangu ulivyotaka, mpira ukaenda taratibu, ukapinda, ukadumbukia. Mzee alipiga magoti yake kwa mikono miwili akafurahi kama ameupiga yeye. Ananiambia hivyo ndivyo walivyokuwa wakiwasomea nyasi wenye fimbo, na kwamba mbeba mifuko aliyejua maji yanapita wapi ndiye aliyeitwa tena kesho yake. Gemu ya watoto yenye elimu ambayo mzee aliyeishika kwa mikono anaitambua, mimi naiheshimu.

Kuhusu umeme, hapa ndipo mashine hii inapoonyesha thamani yake kwetu. PSP inachajiwa kwa volti 5, sawa na simu, kwa hiyo kwa waya wa USB wenye kichwa cha duara unaichaji kwa pawabanki au kwa kifaa cha sola bila kibadilishi. Betri ya toleo la kwanza ni ya mAh 1800. Ya matoleo mawili membamba yaliyofuata ni mAh 1200, lakini yanakula kidogo zaidi. Na kuna swichi ya pembeni: ukiitelezesha mara moja mashine inalala, ukiitelezesha tena inaamka mpira ukiwa pale pale, upepo ule ule. Mteja akija na simu yenye kioo kilichopasuka, naiweka gofu chini katikati ya shimo, namhudumia bila kumkimbiza, narudi. Mpira wa kwenye tele hauwezi kunifanyia hivyo. Gofu hainiadhibu kwa kuwa na kazi.

Haina kila kitu. Diski inazunguka kwa sauti, na kati ya shimo na shimo kuna kungoja. Skrini ya inchi 4.3 haipigani na jua la mwezi wa kumi. Nje mchana huoni mteremko hata kidogo, ni kivulini au usiku tu. Maandishi ni madogo kwa macho ya wazee, inabidi nimsomee jirani yangu umbali na upepo. Nguo, fimbo na wachezaji wapya vinafunguliwa kwa kushinda mashindano dhidi ya mashine, na mwanzoni wapinzani ni wepesi mno, kwa hiyo vumilia hatua za kwanza mpaka wakaze. Ukiwa na PSP mbili na diski mbili, zinaunganishwa kwa waifai yake moja kwa moja bila intaneti. Mimi bado napendelea mashine moja na zamu.

Anayetaka kununua aangalie haya. PSP ziliacha kutengenezwa mwaka 2014, hivyo yoyote utakayouziwa ni ya mtumba au imekaa stoo muda mrefu, na betri ndiyo inayochoka kwanza. Fungua kifuniko cha nyuma: betri ikiwa imevimba hata kidogo, usiilipie, na usikubali kuambiwa itatulia. Weka diski, subiri, sikiliza. Ikikwaruza kwa kurudiarudia, jicho la kusomea linaelekea kufa. Bonyeza X mara nyingi kwa haraka, kwa sababu kwenye gofu kitufe kinachokawia kinakuharibia kila mkwaju, hata kama kwenye gemu nyingine kisingeonekana. Usinunue PSP Go kwa ajili ya gemu hii, haina mahali pa diski. Na ile PSP E1000 ya bei ndogo haina waifai, ijapokuwa kwa mnaocheza kwa zamu hilo halipunguzi chochote, na muuzaji akikubali kuishusha bei zaidi kwa sababu hiyo, ichukue.

Sisi kwa sasa tunatafuta diski ya Everybody's Golf 2, iliyotoka Japani mwaka 2007 kwa PSP hiyo hiyo. Aliye nayo hapa Lubumbashi na haichezi tena, iwe ya Ulaya, Japani au Marekani, asiitupe wala asimpe mtoto aifanye gurudumu. Tukutane tuzungumze bei.