Resident Evil 2: ya 1998 au ya 2019?

Kwenye vibanda vya gemu hapa Ngamiani, Tanga, ubishi huu hauishi. Gemu ni ileile ya kutisha ya kampuni ya Capcom, wahusika Leon na Claire wamenasa kwenye kituo cha polisi cha Raccoon City, ila woga wake si mmoja.

Ya 1998, ya PlayStation ya kwanza, kamera imeganda kwenye kona. Unaingia korido, unasikia zombi anaguna, humwoni. Risasi unazibania kama mwenye duka anavyobania chenji. Kusevu kunataka utepe wa wino wa taipureta. Ukikuishia, shauri yako. Hata mlango ule unaofunguka taratibu gizani, ambao kazi yake ilikuwa kuficha diski ikisoma chumba kinachofuata, unakausha koo. Tatizo ni kutembea: ukibonyeza juu, mtu anaenda anakotazama yeye, si unakotaka wewe. Watoto wa sasa wanairudisha pedi mapema tu.

Ya 2019 kamera iko begani, unalenga mwenyewe, na kwa ugumu wa kawaida utepe hauhitajiki. Rahisi? Thubutu! Zombi unampiga risasi za kichwa, anaanguka, halafu anainuka. Na Mr. X, lile jitu lisilouawa kwa risasi, ambaye zamani alitokea tu ukiicheza gemu mzunguko wa pili, sasa anakuwinda chumba hadi chumba. Vishindo vyake unavisikia ghorofa ya juu.

Anayeanza namshauri ya 2019, tena avae hedifoni. Kwenye kibanda chenye kelele za mpira, nusu ya woga inapotea.