Ukinunua Fleti Dar, Acha Kuhesabu Sola: Uliza Jua Linazamia Dirisha Gani

Wasomaji ndio walionikalisha chini niandike haya. Malalamiko ni yaleyale, yamebadilishwa mtaa tu: "Dada, nimenunua fleti ya kisasa, nikaambiwa inaokoa umeme, mbona LUKU inakwisha kama nimefungua baa?" Halafu zinakuja picha. Taa za LED. Paneli za sola juu ya paa. Kibao getini kimeandikwa "eco" kwa rangi ya kijani, na mnazi mmoja wa kupandikiza pembeni.

Mimi huwa nawajibu kwa swali moja: sebule yako na chumba chako cha kulala vinatazama wapi? Hapo kimya. Mtu ametoa mamilioni ya shilingi, anajua marumaru zimetoka nchi gani, ila hajui jua linazamia upande gani wa nyumba yake.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia jimu, bwawa la kuogelea, lifti wala ukubwa wa jiko. Hayo una macho utayaona. Maji nayo nayapa sentensi moja: uliza kama ni ya DAWASA au ya kisima, kwa sababu visima vya pwani vinaweza kutoa maji ya chumvi na hita yako ya bafuni haitakaa. Tumemaliza. Sasa turudi kwenye jua.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana kwetu haliendi mbali na utosi. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba, linapita wima kabisa. Jua la namna hiyo halina shida, kibaraza cha zege juu ya dirisha kinalimaliza. Kazi iko kwenye jua la kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Linashuka, linaingia mlalo, linapita chini ya kibaraza na kukipiga kioo waziwazi. La asubuhi upande wa mashariki linaingia hivyohivyo, lakini linakuta ukuta umepoa na wewe unatoka kwenda kazini. La magharibi linakuta nyumba imeshashiba joto la mchana kutwa, linaongezea juu yake, na zege linalitoa taratibu usiku, saa ambazo ndizo unatafuta usingizi.

Watu hudhani pazia zito litasaidia. Pazia liko ndani. Joto likishapita kioo limeshakuwa mgeni wako, pazia linalizuia lisikupige usoni tu. Kivuli cha kweli kinakaa nje ya kioo: kibaraza kirefu, roshani iliyoingia ndani, mbao au alumini za kuchujia jua, matofali ya matundu, hata mti. Ukiona ghorofa jipya limefunikwa vioo kutoka chini hadi juu upande wa magharibi, bila hata mstari wa kivuli, hilo haliokoi umeme hata wakilipaka kijani chote.

Tupige hesabu. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kikifanya kazi mfululizo kinakula kama uniti 1 kwa saa. Saa 8 za usiku kwa siku 30 ni uniti 240. Kwa bei ya majumbani ambayo pamoja na makato inazunguka shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 84,000 kwa mwezi, chumba kimoja tu. Weka na sebule, weka na chumba cha watoto. Chenye inveta, kile kinachojipunguzia nguvu chumba kikishapoa, kitapunguza, sikatai, lakini hata inveta inahangaika ukuta unapokuwa wa moto. Sasa linganisha na hizo taa za LED wanazojisifia nazo. Taa kumi za wati 9 zikiwaka zote saa 5 kila siku hazifikishi uniti 14 kwa mwezi. Umeme wa nyumba ya Dar unaliwa na joto, taa zinaonja tu.

Na sola, uliza paneli zinalisha nini hasa. Mara nyingi jibu ni taa za ngazi na geti. Nzuri, lakini hiyo inamsaidia anayelipa umeme wa ngazi, na sevisi chaji yako, ile ada ya kutunza jengo, haishuki ng'o. Cheti cha kweli kipo, kinaitwa EDGE, kinatoka IFC, tawi la Benki ya Dunia. Ili jengo lipate lazima lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati au kaboni iliyotumika kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi, ukililinganisha na jengo la kawaida la hapo hapo. Wakikwambia "eco", omba cheti. Wakikuonyesha brosha, umeshajibiwa.

Ndugu wa jua ni upepo. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia kama Aprili hadi Oktoba, kaskazi inatoka kaskazini mashariki miezi ya joto, na mchana bahari inatuletea upepo kutoka mashariki. Umeme wa bure huo. Ila upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Fleti nyingi mpya zimepangwa pande mbili za korido ya katikati, kila moja ina madirisha upande mmoja tu. Fungua yote, hewa imesimama. Unataka fleti ya kona, au inayopenya kutoka mbele hadi nyuma ya jengo. Jiko na choo vikifungukia kwenye shimo la katikati la jengo, usihesabu hilo kuwa dirisha.

Halafu dirisha lenyewe. Dirisha la alumini la kuslaidi lenye vioo viwili linafunguka nusu yake tu, siku zote, maana nusu moja inajificha nyuma ya nyingine. Ukiweka na wavu wa mbu, upepo unaopita ni wa kuhurumiwa. Nako za zamani, yale madirisha ya vipande vya vioo vya kupangana, tulizozicheka zilikuwa zinafunguka karibu zote. Ukipata la bawaba linalofunguka nje, afadhali sana. Angalia pia mashine za nje za viyoyozi vya majirani zimewekwa wapi. Kuna ghorofa wamezipanga zote kwenye kishimo kimoja, kila mmoja anampulizia mwenzake joto, na wote wanaongeza baridi.

Ghorofa ya juu kabisa niachie. Zege la paa linaota jua tangu asubuhi na linakushushia usiku. Labda kama wameweka bati la pili juu yake lenye nafasi ya hewa katikati.

Haya, mitaa. Naipanga kwa jinsi ninavyoipenda mimi, na kipimo ni kilekile.

1. Upanga. Najua mlitaka Masaki iwe ya kwanza. Poleni. Fleti za zamani za Upanga, za ghorofa tatu nne, zina ngazi za wazi, vibaraza, matofali ya matundu, na fleti nyingi zinapenya mbele hadi nyuma. Zilijengwa na watu wasiokuwa na viyoyozi, kwa hiyo walilazimika kufikiri. Nyingi zilitaifishwa mwaka 1971 chini ya Msajili wa Majumba na baadaye zikaangukia NHC, Shirika la Nyumba la Taifa. Muhimbili iko hapo, Aga Khan iko hapo, na tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022 Oysterbay ni kuvuka tu. Tatizo ni kwamba zinabomolewa na minara inapanda, na mnara mmoja unamkatia mwenzake upepo. Ukinunua kwenye mnara mpya Upanga, tazama kiwanja cha jirani upande wa mashariki na kusini. Kikiwa na fleti chakavu ya ghorofa tatu, jua kuna siku kitakuwa na ghorofa kumi na tano, na upepo wako umeisha.

2. Kinondoni, kuzunguka Morocco. Hapa nakiri upendeleo wazi: mimi ni mtu wa NHC. Shirika limekuwepo tangu 1962, ofisi yake naijua ilipo, na likichelewa nalisoma kwenye gazeti. Morocco Square ilikwama miaka, tukaicheka, ikakamilika. Mtu binafsi akikwama anabadilisha namba ya simu. Juu ya hapo, umiliki wa fleti kwa hati yako mwenyewe una sheria yake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na kwenye shirika la umma swali la hati lina mtu wa kulijibu. Kwa wengine unaambiwa hati "iko kwenye mchakato". Mchakato huo nimeusikia ukizeeka. Kituo cha Mwendokasi kipo Morocco, kwa hiyo hata gari unaweza usilitoe. Hananasif kuna majengo yao yanayoitwa Eco Residence. Ndiyo, hata wao wameling'ang'ania hilo neno, na hata kwao nitapima kwa dira. Bonde la Mkwajuni liko jirani, kwa hiyo uliza barabara ya kutokea inakuwaje masika.

3. Kawe. Miradi ya NHC tena, 711 na ule wa Samia. Majengo bado hayajabanana, bahari iko karibu, upepo upo. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo ni yako.

4. Mikocheni na Msasani. Pazuri kuishi, maduka yapo, shule zipo. Ila kuna sehemu ziko chini sana, masika maji yanasimama barabarani. Fleti mpya za hapa ndizo zinazoniletea malalamiko mengi, kwa sababu kiwanja cha nyumba moja kinabebeshwa jengo zima, ukuta kwa ukuta na jirani, na dirisha la chumba linatazama dirisha la chumba.

5. Masaki. Nimeiweka ya mwisho kati ya za bei mbaya makusudi. Rasi ile ina bahari pande mbili. Upande wa mashariki ni bahari kuu na upepo wake, safi kabisa. Upande wa pili ni Ghuba ya Msasani, ule wa Slipway, ambako watu wanakwenda kupiga picha jua linapozama. Umeelewa? Fleti inayouzwa ghali kwa sababu ya "mandhari ya machweo" ni fleti inayopigwa na jua la magharibi kila siku, tena kupitia kioo cha ukuta mzima, na bahari inakurudishia mwanga kutoka chini. Unalipa zaidi ili uungue zaidi. Kama una hela ya Masaki, nunua mashariki ya rasi na machweo nenda kayaangalie Slipway kwa bei ya soda.

Kigamboni na kwingine kwa bei nafuu. Upepo mtamu, viwanja vipana, ila kuna tozo ya daraja au foleni ya pantoni. Kumbukeni tu mradi wa Dege nao uliitwa Eco Village, na majengo yake yakasimama bila kumalizwa. Goba, Mbezi na Madale wengi wanajenga nyumba zao wenyewe, mwongozo huu hauwahusu.

Sasa wauzaji. Mimi nataka mtu anieleze kwa nini dalali wa fleti ya magharibi siku zote ana nafasi saa nne asubuhi. Ukimwambia saa kumi jioni, ana msiba. Saa nne asubuhi upande wa magharibi ni kivuli kitupu, unaingia unasema "pamepoa jamani", mkono unatafuta kalamu. Ng'ang'ania saa kumi jioni, siku ya jua, na viyoyozi vizimwe nusu saa kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha kulala, na fungua dira ya simu hapohapo. Kuna aliyewahi kuniambia dira inaharibu bahati ya nyumba.

Halafu bei. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini bado unapigiwa simu na kijana anakutajia dola, tena kwa sauti ya chini kama anauza bangi. Mwambie akupe shilingi, na akwambie kama VAT imo au itakuja baadaye kama mgeni wa usiku wa manane. Uliza sevisi chaji kwa maandishi, na dizeli ya jenereta inalipwa vipi. Uliza kama mita ni ya LUKU kwa jina lako, au mwenye jengo ananunua umeme wa pamoja na kukuuzia kwa mita yake ndogo, maana hapo bei ya uniti anaipanga nani? Mikopo ya nyumba bado ni ya riba ya tarakimu mbili, kwa hiyo kila shilingi uliyopigwa kwenye bei utailipia tena benki kwa miaka.

Kwa wanaonunua kwenye ramani kabla jengo halijasimama, kuna kitu kimoja cha kuomba. Mchoro wa msanifu una mshale wa kaskazini pembeni. Kwenye brosha mshale huo huwa umefutwa na mahali pake pamewekwa picha ya familia inacheka. Omba mchoro wenye mshale, ghorofa yako na namba ya fleti yako zikiwa zimewekwa alama, kabla ya kulipa hata ile ya kushikilia nafasi. Nikiuomba mimi huwa naambiwa msanifu amesafiri.